Vikombe Vyekundu Juu ya Gogo Bovu

SOMO LA KUSOMWA NA KUJADILIWA KIKUNDINI

Somo la safari hii limeletwa na mtoto.

Tulikuwa tumekwenda kutembelea kikundi cha akina mama walio karibu na msitu wa Kakamega. Kikundi hiki kina kitalu cha miche ya miti kando ya kijito, katika shamba la mmoja wao. Siku hiyo ajenda ilikuwa moja tu: pesa za kununua mifuko ya kupandia miche zitatoka wapi? Mweka hazina alikuwa ameleta habari njema. Fundi wa matofali alikuwa tayari kununua gogo kubwa lililolala nyuma ya kitalu. Ni gogo la mti ulioanguka zamani, na mwenye shamba alikuwa amelitoa kwa kikundi.

Tukiwa katikati ya maneno, msichana mdogo akaja na jani la mgomba mikononi. Ndani yake mlikuwa na vikombe kama kumi vya rangi nzuri ajabu. Vingine vyekundu, vingine vya waridi, vingine kama ganda la chungwa, kila kimoja na kijiguu chake. Akamwendea nyanya yake akamwuliza, "Kukhu, hii tunaweza kupika?"

Basi mkutano ukavurugika. Mmoja akasema, "Tupa hiyo, ni sumu!" Mwingine akasema sumu haina rangi nzuri hivyo. Wa tatu akasema jambo lililotushtua zaidi: "Huo ni ugonjwa wa mti. Gogo lile lichomwe leo leo kabla miche yetu haijaambukizwa." Halafu nyanya akaona vidole vya mtoto vimelowa mate. Akauliza, "Umelamba?" Mtoto akanyamaza.

Hapo hapo tukawa na maswali manne, nasi tuliahidi kuyajibu vizuri kwa maandishi. Je, kitu hiki ni nini? Je, chaliwa? Je, ni ugonjwa? Na je, gogo liuzwe au libaki?

1. KITU HIKI NI NINI?

Ni aina ya kuvu. Kuvu si mmea, wala si mnyama. Mmea hujitengenezea chakula chake kwa kutumia mwanga wa jua na rangi yake ya kijani. Kuvu haina rangi hiyo ya kijani, kwa hiyo ni lazima ile kitu kilichotengenezwa na mwingine. Hii ya vikombe hula mti uliokwisha kufa.

Kile kikombe tunachokiona ni kama embe juu ya mwembe. Ni tunda tu. Mwili wenyewe wa kuvu umo ndani ya gogo, nao ni nyuzi nyeupe nyembamba kuliko nywele. Ukipasua kipande cha ubao uliooza utaziona zikiwa zimejitandaza kama utando wa buibui. Nyuzi hizi hutoa maji makali yanayoyeyusha mti kidogo kidogo, kisha huyanyonya kama chakula. Ndiyo maana gogo huwa laini.

Wataalamu huiita jamii hii ya vikombe Cookeina. Jina hilo lilitolewa mwaka 1891 na Otto Kuntze ili kumheshimu Mwingereza Mordecai Cubitt Cooke (1825–1914), aliyeshughulika na elimu ya kuvu maisha yake yote. Jamii hii hukaa katika misitu ya joto yenye mvua: Afrika, Asia na Amerika. Kikombe kwa kawaida kina upana wa sentimita 1 hadi 4. Aina moja ina nywele ndefu nje na ukingoni, hata huonekana kama kina ndevu. Nyingine ina nywele fupi ambazo ni lazima usogeze jicho karibu ili uzione. Rangi yake ni ya jamaa moja na ile rangi ya karoti.

Utaviona zaidi wakati wa mvua, juu ya matawi na magogo yaliyoanguka mahali penye kivuli na unyevu. Jua likiwaka siku kadhaa, hukauka na kujikunja, hata ukapita bila kuviona. Lakini zile nyuzi ndani ya gogo zingalipo, zinangoja mvua.

2. KIKOMBE HIKI KINAFANYA KAZI GANI?

Kazi yake ni kuzaa. Ndani ya kikombe, ule upande laini wenye rangi, kuna maelfu ya vijifuko virefu vilivyosimama kama njiti za kiberiti ndani ya kasha. Huwezi kuviona kwa macho. Kwa kawaida kila kijifuko kina vijimbegu 8, ambavyo wataalamu huviita spora. Kijifuko kikiiva hujaa maji hadi kukazana, kifuniko chake cha juu hufunguka, na vijimbegu hurushwa nje kwa nguvu.

Vijifuko vingi huiva kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kikombe kikiguswa, au upepo ukibadilika ghafla, vingi hulipuka pamoja. Ukibahatika utaona kama moshi mwembamba ukitoka kikombeni. Watoto huenda wakasema kikombe kinavuta sigara! Huo si moshi, ni vijimbegu vinasafirishwa na upepo vikatafute gogo lingine.

3. JE, CHALIWA?

Hapa tunaomba msome polepole.

Ni kweli kwamba katika nchi nyingine za joto, kama Mexico na Malaysia, kuna jamii za msituni ambazo hula baadhi ya vikombe vya jamii hii. Lakini wale wamefundishwa na wazazi wao, nao na wazazi wao, na wanajua ni kikombe kipi cha gogo lipi. Ujuzi wa Mexico hauwezi kukulinda wewe hapa kwetu kwa kusikia tu. Kama wazee wa kwenu hawajawahi kukila, msianze kukijaribu kwa watoto wenu. Jibu letu ni: MSILE.

Na kwa kuwa tumegusa jambo la uyoga, tuseme pia juu ya uyoga wa porini kwa jumla. Wengi wetu tunapenda uyoga wa kichuguu, na mvua ikinyesha tunatoka alfajiri kuutafuta. Ni chakula kizuri. Lakini kuna mambo ya uongo yanayosemwa vijijini ambayo yanaweza kuua:

- "Uyoga ukiliwa na wadudu au konokono, si sumu." Uongo. Konokono anaweza kula kitu kinachomwua mtu.
- "Weka sarafu au kitunguu ndani ya sufuria, kikigeuka cheusi ni sumu." Uongo. Sumu iliyo mbaya zaidi haibadilishi sarafu wala kitunguu.
- "Ukichemsha sana na kumwaga maji, sumu inaisha." Uongo kwa ile sumu mbaya zaidi. Haiishi kwa moto.
- "Uyoga wa sumu una rangi kali, mweupe ni salama." Uongo. Baadhi ya ule unaoua ni mweupe au wa rangi hafifu tu.

Kitu kingine cha kukumbuka ni saa. Sumu ile mbaya haimshiki mtu papo hapo. Mtu anakula saa moja jioni, analala vizuri, kisha baada ya saa 6 hadi 12 au hata zaidi anaanza kutapika na kuendesha. Siku ya pili anaonekana kama amepata nafuu, watu wanasema, "Asante, amepona." Kumbe wakati huo ini lake linaharibika. Kwa hiyo mtu akitapika baada ya kula uyoga wa porini, msingoje nafuu. Mpelekeni hospitali mara moja, na mbebe kipande cha uyoga uliobaki, hata kama ni maganda yaliyotupwa jalalani. Wote waliokula pamoja naye waende pia, hata wanaojisikia wazima.

Yule msichana, je? Alisafishwa kinywa na mikono, akaulizwa vizuri bila kuchapwa, akasema alilamba kidole tu na hakumeza kitu. Hata hivyo hatukuridhika. Tulimpeleka kwa mhudumu wa zahanati siku hiyo hiyo, na mama yake akaambiwa amwangalie usiku ule na kesho yake. Hakupatwa na kitu. Lakini akina mama, tusiseme, "Basi tumejua ni salama." Kulamba si kula, na bahati ya siku moja si ushahidi. Na tusimchape mtoto anapouliza. Mtoto huyu alifanya jambo la busara: aliuliza kabla ya kupika. Tukimchapa leo, kesho atapika kwanza.

4. JE, NI UGONJWA?

Kuvu za vikombe hula mti uliokufa. Hazitoki kwenye gogo kwenda kuua miche yenu. Kwa hiyo msichome gogo kwa hofu ya vikombe.

Lakini tusiseme kuvu zote ni rafiki. Tuzigawe hivi ili zieleweke:

Kuna kuvu zinazooza vitu vilivyokufa. Hizi ndizo kama vikombe vyetu. Bila hizi, msitu wote ungejaa magogo na majani yasiyooza, na rutuba yote ingebaki imefungiwa humo.

Kuna kuvu zinazoshambulia mmea ulio hai. Wakulima wa chai wanaijua moja, iitwayo Armillaria. Hukaa katika mizizi na visiki vya miti ya msitu, kisha hutambaa chini ya ardhi na kuua michai na miti mingine. Dalili yake ni utando mweupe chini ya ganda la mzizi. Kwa sababu hiyo, anayetaka kupanda chai mahali palipokuwa na miti hushauriwa kwanza kuubandua mti ganda pande zote angali umesimama, ili mizizi iishiwe chakula, halafu aukate na kung'oa visiki na mizizi yote. Kwa hiyo kisiki ndani ya shamba la chai ni jambo lingine kabisa na gogo lililolala kando ya kijito. Msichanganye.

Na kuna kuvu zinazoharibu chakula ghalani. Hapa sisi Wakenya tuna kumbukumbu ya uchungu. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 walijulikana kuugua kwa sababu ya mahindi yaliyoota kuvu kwa kuhifadhiwa na unyevu. Kati yao 125 walikufa. Sumu ile huitwa aflatoksini, nayo hutokana na kuvu ndogo ya rangi ya kijani na manjano isiyo na uzuri wowote.

Sasa tazameni. Kikundi chetu kiliogopa vikombe vyekundu juu ya gogo, na nyumbani pengine kuna gunia la mahindi yenye joto na harufu ya uvundo ambalo hakuna aliyeliogopa. Hofu yetu ilikuwa mahali pasipofaa. Anikeni mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Yakauke hata ukiuma punje inavunjika kwa mlio. Magunia yasilale sakafuni, yawekwe juu ya mbao. Na mahindi yaliyoota kuvu yasiliwe, yasipewe mifugo, wala yasipikiwe pombe.

5. JE, GOGO LIUZWE AU LIBAKI?

Hili ndilo lililoleta ubishi mrefu, kwa sababu ni habari ya pesa. Mweka hazina alisema wazi, "Mwalimu, vikombe ni vizuri kwa macho, lakini havinunui mifuko ya miche." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Hatukuja kuwaambia watu wakae na shida ili magogo yapendeze.

Tukafanya jaribio ambalo kila kikundi kinaweza kufanya. Tulichukua kipande cha mti mkavu mzima na kipande cha gogo lililooza, tukavikata viwe vya ukubwa mmoja. Kile cha gogo tukakikamua kama kitambaa. Maji yakatiririka. Tukaacha vyote viwili juani siku kadhaa, kisha tukavipima kwenye mizani ya dukani. Kile kilichooza kilikuwa chepesi sana, ungedhani ni kizibo cha chupa.

Sababu ni nini? Kile kilicho ndani ya kuni kinachotoa moto ndicho hicho hicho kuvu imekuwa ikikila miaka yote. Kuvu imekula moto. Kilichobaki kina maji mengi, na kabla hakijawaka ni lazima kikaushe maji hayo kwanza. Ndiyo sababu kuni zilizooza hutoa moshi mwingi na joto kidogo, na anayeumia ni mama aliyeinama mbele ya jiko.

Fundi wa matofali alipokuja, alipiga gogo kwa panga mwenyewe. Upande wa chini, ule wenye vikombe, panga lilizama lote. Akacheka akasema, "Hii haiwezi kuchoma hata tofali moja." Upande wa shina, uliokuwa umeinuka juu ya jiwe, ulikuwa bado mgumu. Akanunua huo. Kikundi kikapata sehemu ya pesa, si zote. Zilizobaki ilibidi wanachama wachange, na hawakufurahi. Tunaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nusu iliyobaki inafanya nini? Inafanya kazi tatu, na hakuna anayeilipa mshahara.

Kwanza, inahifadhi maji. Mmeona jinsi ilivyokamuliwa. Gogo bovu kando ya kijito ni kama sifongo. Mvua ikikoma, udongo chini yake hubaki na unyevu.

Pili, inazuia udongo usichukuliwe. Gogo lililolala kukingama mteremko hushika majani na matope yanayoteremka.

Tatu, inageuka kuwa udongo wenyewe. Kuvu huanza, mchwa na mbawakawa huendelea, minyoo humaliza. Baada ya miaka mnapata ule udongo mweusi unaomeguka, ambao kila mwenye kitalu anautafuta.

Lakini hapa kuna onyo. Msichukue mbao zilizooza nusu au vumbi la mbao bichi mkachanganya na udongo wa miche mara moja. Kuvu ikiwa bado inakula mti, huchukua naitrojeni kutoka udongoni, na miche yenu itakuwa ya manjano. Ngojeni hadi imekuwa nyeusi, inamegeka na haina tena umbo la mti. Au iwekeni kwenye shimo la mboji pamoja na samadi na majani mabichi, ioze kwanza.

6. NA MAGOGO YALIYO NDANI YA MSITU?

Gogo tulilozungumzia lilikuwa shambani mwa mtu. Yale ya msituni yana sheria yake. Msitu wa Kakamega ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933, na ni mabaki ya upande wa mashariki ya ule msitu mkubwa wa mvua wa Afrika ya kati. Hapa Kenya hatuna mwingine kama huo. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, kutoa kuni au kitu kingine msituni ni kwa kibali, na wanakijiji wanaweza kujiunga katika muungano wa jamii ya msitu ili washirikiane katika utunzaji na pia wapate haki ya kutumia. Kama kikundi chenu kiko karibu na msitu na hakijajiunga, ulizeni ofisi ya misitu iliyo karibu nanyi. Ni afadhali kuingia kwa mlango kuliko kukimbizana na askari huku mmebeba mzigo.

Na mkipewa kibali cha kuni, chukueni matawi makavu, magumu. Yale magogo laini yaacheni. Hampotezi moto, maana moto hamna humo.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, nendeni pamoja mkatafute gogo moja lililooza. Nendeni na watoto. Msile kitu, na mkimaliza mnawe mikono kwa sabuni.

1. Hesabuni ni aina ngapi za kuvu mnaziona: vikombe, masikio, mwavuli, utando. Watoto wachore.
2. Mkipata kikombe, kisogeleeni polepole, halafu mtu mmoja apulize taratibu kutoka upande huku uso wake ukiwa mbali. Tazameni kama "moshi" utatoka.
3. Fanyeni lile jaribio la vipande viwili vya mti. Pimeni, andikeni.
4. Inueni gogo kidogo (angalieni nyoka na tandu). Shikeni udongo wa chini yake, kisha udongo wa hatua kumi mbali. Upi una unyevu?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, nani bado anajua vizuri uyoga unaoliwa na usioliwa? Je, vijana wanajifunza kutoka kwake, au ujuzi utazikwa naye?
2. Ni yapi kati ya yale mambo ya uongo juu ya uyoga tuliyokuwa tukiyaamini sisi wenyewe?
3. Ni nani kati yetu amekagua magunia yake ya mahindi mwezi huu?
4. Kama mngekuwa nyinyi mbele ya yule fundi wa matofali, mngeuza gogo lote, nusu, au mngekataa? Kila mmoja atoe sababu.

Yule msichana alituuliza swali la mwisho tukiondoka. Alitaka kujua kama vikombe vitarudi. Tulimwambia mvua ikinyesha, na gogo likiwepo, vitarudi. Akamgeukia nyanya yake akasema, "Kukhu, basi sitavichuma. Nitakuwa nikija kuviangalia tu." Nyanya akamwambia, "Njoo na mwenzako, usije peke yako kijitoni."